Sindano yenye Uzi wa Bluu

Mkwe wangu,

Kuku wako wanataga, paa limezibwa, nami ni mzima wa kufoka. Mwandiko usiucheke, macho yangu unayajua.

Jana nilikaa mbele ya wakili wa yule mwenye duka. Mlinzi wao amempiga mwanangu risasi akiwa juu ya ngazi, akitengeneza taa waliyomwitia wenyewe, halafu yule bwana mwenye tai ananiuliza, "Bibi, marehemu alikuwa na faida gani kwako?"

Faida! Nikamwambia, "Mimi fundi cherehani, macho hayaoni tundu la sindano. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alinitilia uzi sindano za siku nzima. Andika hiyo." Hakuandika.

Wakili wetu anasema mdai ni wewe mjane. Wewe umejifungia kwenu, unasema kudai fidia ni kumuuza mumeo. Nani kakudanganya? Usipotia sahihi kesi inakufa, na wao wataendelea kusema mlinzi wao alimpiga mwizi, wanao wakisikia.

Acha ujinga, uje. Imebaki sindano moja aliyoitia uzi asubuhi ile. Sijathubutu kuigusa. Nitakupindia nayo gauni la kwenda mahakamani. Uzi wake ni wa bluu, kwa hiyo usiniletee kitambaa cheusi.

Ni mimi mama mkwe wako, mkali vilevile ulivyoniacha.