Mlango wa Kushoto wa Kobe

Nyumbani kwa Bibi,
Nyuma ya gereji.
Jumapili, tarehe 9 Agosti.

Mpendwa Shangazi,

Pokea salamu zangu na za wote uliowaacha hapa. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kifua kimetulia, na kwamba huko kazini wanakupa barakoa unapopuliza rangi. Hapa ulikuwa ukijifunga kitambaa tu, na ukikohoa jioni Bibi alikuwa akisema unakohoa buluu. Sisi hatujambo. Bibi miguu inamsumbua asubuhi, lakini ulimi wake haujapata ugonjwa wowote.

Shuleni naendelea vizuri. Katika insha nimekuwa wa pili. Mwalimu ameandika pembeni kwamba mpangilio wangu ni mzuri ila nina hasira nyingi.

Sasa nianze na ujumbe niliotumwa, maana ujumbe wa mtu ni amana. Baba mdogo anakusalimu sana. Anasema wewe ni dada yake wa pekee, yaliyopita si ndwele, na anakuomba umweleze namna ulivyochanganya rangi ya gari letu, Kobe. Alisimama nyuma ya kiti changu akinitajia maneno, kisha akachoka. "Malizia mwenyewe, wewe una mwandiko. Mpambe kidogo," akasema, akaenda zake. Basi, ujumbe wake nimeufikisha. Kuanzia hapa ni maneno yangu.

Shangazi, usimweleze.

Mwanzoni mwa muhula huu alimtoa Kobe gerejini ili majirani wamwone. Alirudi kinyumenyume huku akiwapungia watu mkono, akaukwaruza mlango wote wa kushoto kwenye nguzo ya geti. Tangu hapo ameupaka rangi mara tatu. Kwanza ulitoka kama sare yetu ya shule. Kisha ukawa kama beseni la kufulia. Mara ya tatu ulifanana na jicho lililopigwa ngumi, lakini mle gerejini hakuna mwanga, kwa hiyo aliutazama akaridhika.

Ungekuwa mlango tu nisingekusumbua. Amempata mnunuzi, mwenye lile duka kubwa la vipuri. Walikubaliana kwamba Kobe atapelekwa kwanza kwenye maonyesho ya magari ya zamani, apate sifa, halafu aondoke na tajiri huyo moja kwa moja. Na kote alikopita, baba mdogo amekuwa akisema kwamba gari hilo amelifufua yeye, kwa mikono yake, tangu likiwa kutu.

Mimi sijasahau lolote. Nakumbuka siku Babu alipomleta Kobe akivutwa kwa kamba, na kuku wa jirani akakutwa ametaga kwenye kiti cha nyuma. Bibi akasema, "Mzee, umenunua banda." Nakumbuka ulivyonifumba macho ukanipitisha kiganja juu ya boneti uliyoipiga msasa siku nzima. Uliniambia jicho hudanganywa na mng'ao, kiganja hakidanganyiki. Bibi alishona viti. Baba mdogo alikuwa akija saa ya chakula, anazunguka gari, anapiga tairi teke kama mtaalamu, anaondoka. Kila Jumapili tulimwosha Kobe, tukakaa kwenye makreti tukimtazama tu, kama watu wanaotazama televisheni. Na Babu alisema mbele yetu sote, baba mdogo akiwemo, kwamba siku akifumba macho Kobe ni wako.

Wala sijasahau asubuhi ile baada ya mazishi ya Babu, kufuli jipya mlangoni pa gereji na bomba lako la kupulizia rangi limetupwa matopeni. "Mwanamke na gereji, wapi na wapi?" alisema baba mdogo. Ulilifuta kwa gauni lako jeusi, ukaondoka nalo. Mimi nilikuwa dirishani. Tangu hapo kila siku namwamkia, "Shikamoo, Baba mdogo," kwa adabu zote nilizofundishwa, na kila shikamoo ina jiwe ndani yake.

Maonyesho yalifanyika uwanja wa mpira Jumamosi ya tarehe mosi. Baba mdogo alivaa koti la suti la kuazima. Alimwegesha Kobe chini ya jukwaa, kwenye kivuli kizito, na pale kivulini, Shangazi, ungeapa milango yote ina rangi moja. Watu walianza kusifu. Tajiri wa vipuri alikuwa ameshika kidevu, anatabasamu. Nikaona Kobe anaondoka hivi hivi.

Nikamsogelea baba mdogo nikamwambia, "Kobe hapa haonekani vizuri. Ukimtoa juani atang'aa kuliko yote."

Akanipiga bega. "Mnamsikia mtoto huyu? Akili ameirithi kwangu."

Akaingia ndani, akampeleka Kobe katikati ya uwanja, jua la saa sita likiwa utosini. Mungu anisamehe, nilisali njiani wingu lisipite. Halikupita.

Sauti ya kwanza ilitoka kwa muuza maji. "Kaka, huo mlango umeazima kwa nani?" Mwingine akadakia, "Usimcheke, gari limevaa kiraka, maisha magumu!" Watu wakaanza kuja kutoka kwenye magari mengine.

Mwamuzi alikuwa mama mmoja mwenye miwani, mpole sana. Aliinama akautazama ubavu mzima, akauliza, "Nani alichanganya buluu hii ya mwili? Sijaona nyingine kama hii."

"Mimi mwenyewe, mama. Kwa mikono hii."

"Na mlango huu?"

Baba mdogo alikohoa. "Huo pia mimi."

"Basi huu ulifanya ukiwa umelala, baba," akasema yule mama, akaenda kwa gari linalofuata.

Kicheko kilichopigwa, ungekisikia huko uliko. Bibi alijifunika uso kwa mtandio akasema, "Nimemzaa mwenyewe, siwezi kucheka." Mabega yake yalitikisika mpaka tulipofika nyumbani. Tajiri wa vipuri aliondoka mikono mitupu. Alisema atarudi rangi zikifanana, la sivyo hamtaki.

Kwa hiyo unaona mambo yalivyo. Mlango ule mbaya ndio unaotulindia Kobe. Siku utakapofanana na mwili, ataondoka.

Jana baba mdogo aliniita gerejini. Makopo yalikuwa yametapakaa sakafuni, na vidole vyake vina buluu mpaka kwenye kucha.

"Wewe ulikuwa unashinda na shangazi yako humu. Hukumbuki alitia nini?"

"Nilikuwa mdogo, Baba mdogo."

Sikusema uongo. Nilikuwa mdogo. Sikumwambia kwamba nimesahau.

Wewe ulimimina, mimi nikakoroga kwa mpini wa ufagio. Yeye anadhani kilichoituliza buluu ile ni nyeusi, ndiyo maana kila kopo lake linatoka kama jeraha. Sisi tunajua ni ile kahawia iliyobaki tulipopaka kabati la Bibi. Juzi alipokwenda kula akaiacha gereji wazi, nilijaribu kidogo kwenye kifuniko cha bati. Kilipokauka nilikiweka juu ya boneti, nikakitafuta kwa macho nisikione, mpaka nikapapasa kwa kiganja. Kisha nikakipiga msasa mpaka bati likabaki tupu.

Njoo, Shangazi. Bibi akimdai ufunguo, baba mdogo humjibu kwamba mwenye gari hayupo. Bibi ameapa kwamba siku utakapovuka kizingiti ataudai tena, mbele yako na mbele ya Baba, jibu hilo likose pa kusimama. Njoo na bomba lako. Upake mlango ule mchana, geti likiwa wazi, majirani wakiona, na kopo alishike yeye. Nimeliwazia jambo hilo mara nyingi sana, hata darasani. Mpaka wakati huo sitasema neno.

Baba anakusalimu. Asema yaishe, lakini nimemwona akitabasamu peke yake akipita karibu na mlango ule. Bibi asema usipokuja atakufuata kwa miguu hiyo hiyo mibovu. Jirani mwenye kuku naye anakukumbuka.

Mungu akulinde, akupe pumzi nzuri na njia nyeupe ya kurudi. Usiwe na wasiwasi juu ya Kobe. Kila asubuhi kabla ya shule, baba mdogo akishafungua gereji, naufuta vumbi mlango wake wa kushoto, ili uonekane vizuri.

Ni mimi nikupendaye siku zote,
Binti wa kaka yako,
Mkoroga rangi wako.