Felisita ni Nani, Bibi?

Bibi,

Ninakuandikia kwenye daftari la shule, kurasa za nyuma ambazo hazikujaa. Kila likizo uliniuliza, "Masista wanakufundisha kuandika, sawa, lakini unamwandikia nani?" Sikuwa na mtu. Sasa ninaye.

Tulipokuzika, hapa nyumbani watu waliacha kuaminiana. Mjomba Amisi, mwanao mkubwa, alipofika alikuja na chakula chake kimefungwa kwenye majani. Alikaa kwenye baraza letu akala peke yake, na bugali la mama akaliacha lipoe mbele yake. Mama aliliondoa. Baadaye nilimkuta nyuma ya nyumba akiwatupia kuku bugali lile, bonge moja moja, kama mtu anayehesabu matusi. Hao ni watoto wako wawili, Bibi, wa tumbo moja. Mmoja amebaki mwislamu kama Babu, mwingine alibatizwa alipoolewa na baba. Miaka yote walikula sahani moja.

Ugomvi ulitoka kwenye kaburi lako. Juu yake umesimama msalaba wa mti, na kwenye msalaba, kwa msumari wa moto, Mwalimu Antoni katekista ameandika FELISITA. Wewe uliitwa Zaina. Hapa hakuna aliyewahi kukuita vingine.

Nikueleze jinsi nilivyoiona siku ile, maana wewe uliiona kutoka kitandani na mimi niliiona kutoka mlangoni.

Nilikuwa nimemaliza shule Kasongo, nina wiki tatu tu nyumbani. Mama alikuwa amepeleka pamba kwa kapita, msimamizi wa serikali, kwa sababu siku ya pamba haingoji mgonjwa. Baba yuko mbali, kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Salamabila. Kifua chako kilikuwa kinakoroma tangu asubuhi. Mwalimu Antoni akaingia uani, kofia mkononi, akapiga hodi. Nawe ukaniambia, "Veronika, nenda unitafutie ndimu." Ndimu zilikuwamo ndani, tatu, kwenye kikapu kidogo. Niliziona. Lakini unanijua, sijui kubishana na mtu. Nikaenda.

Niliporudi alikuwa anatoka. Alinipita bila kunitazama. Jioni ulikuwa umekwisha kuondoka, na yeye akawaambia watu wote, "Nimemubatiza, amekufa mukristo." Tukakuzika upande wa misioni, ng'ambo ya njia kutoka kaburi la Babu. Mjomba alifika kesho yake, miguu imejaa vumbi la barabara ya Kabambare, akaukuta msalaba ambao habari zake alikwisha kuzisikia njiani. Akanigeukia mimi.

"Ni weye njo unasoma kwa masista. Ni weye ulimufungulia ule mutu mulango."

Nilitaka kusema kuhusu ndimu. Tayari alikuwa amenipa mgongo. Akamwambia mama kwamba Padri atakapokuja kutembelea vijiji, uongo ule uondolewe pamoja na mti wake, la sivyo mama asimwite tena kaka. Na kwa kuwa mimi peke yangu nilikuwa nyumbani siku ile, Padri angeniuliza mimi.

Bibi, nilianza kwa kumshuku Mwalimu Antoni. Nilikuwa na sababu.

Shuleni Sista alitufundisha kumbatiza mtu anayekufa, kama padri yuko mbali. Tulijifunza kwa boga. Unamwaga maji yatiririke juu ya kichwa, siyo kugusa tu kwa kidole, na huku unasema maneno yake. Sisi tuliyasema nusu, kwa hofu kwamba tukiyamaliza boga litakuwa mkristo na hatutaruhusiwa kulila. Kwa hiyo najua ubatizo unaacha nini nyuma yake: unaacha mahali palipolowa. Nilipokuosha uso kwa maji ya jirani, mto wako ulikuwa mkavu. Kitambaa chako cha kichwa kikavu. Kopo nililolifunika asubuhi nililikuta kavu, na mtungi ulikuwa umelala ubavu tangu jana, tupu. Angemwaga maji gani?

Halafu jina. Ukipita makaburini kwetu unasoma Maria, Maria, Yozefu, Maria, Yozefu. Hao ni wale waliobatizwa kitandani mwa kifo. Mwalimu Antoni hana jina jingine kwa mwanamke anayekufa, ni Maria tu, wala hakuna anayemlaumu, maana muda huwa mfupi. Sasa jina Felisita alilitoa wapi? Mtu akitaka kudanganya hachukui jina gumu. Hapo ndipo shaka yangu ilipotoka kwake. Nisamehe, Bibi, ilikuja kwako.

Nilikumbuka likizo ya mwaka jana. Ulikuwa unapepeta mchele, mimi nakariri historia ya mapadri wetu, kwa maana Sista alitaka tuijue yote, maswali na majibu. Mapadri walitoka wapi? Walitoka ziwani. Walifanya nini ziwani? Waliwakomboa watoto kutoka misafara ya watumwa, wakawalea, wakawaozesha, wakawapa vijiji vya wakristo. Kisha? Kisha walipanda milima wakaja Kasongo, wakachoma matofali, wakajenga kanisa, wakaanza shule ya wavulana, kisha masista wakaja na shule yetu, na makatekista wakatumwa katika vijiji vyote vya barabara ya Kabambare, kila kijiji na kibanda chake cha sala na kusoma. Nilikuwa nayatiririsha kama maji. Nikafika pale panaposema, "Watoto waliokombolewa waliishi kwa furaha, na milango ya misioni ilikuwa wazi mchana kutwa."

Ungo wako ukasimama.

"Mulango ulikuwa moja," ulisema. "Na ulifungwa jua likingali juu."

Nikauliza umejuaje. Ukasema, "Watu wanasema," ukaendelea kupepeta. Na ukaanza ule wimbo wako usio na maneno, ambao umeuimba juu ya mchele tangu nizaliwe. Siku ile niliusikia vizuri kwa mara ya kwanza. Ulikuwa wimbo wetu wa Kilatini wa sala ya jioni. Nilifikiri umeuokota kwangu. Lakini mimi nilianza shule juzi tu, na wimbo wako ni mzee kuliko mama.

Kwa hiyo siku tatu kabla Padri hajafika nilikwenda kumtafuta Mwalimu Antoni. Alikuwa shambani kwake, amekaa juu ya dungu, anawafukuza ndege kwenye mpunga. Nilisimama chini. Ilikuwa rahisi hivyo, kwa sababu sikuuona uso wake, niliona nyayo zake tu zinaning'inia. Nikaziambia nyayo zile, "Mwalimu, mto ulikuwa mkavu."

Ndege walishuka tena kwenye mpunga, naye hakuwafukuza.

"Haya," akasema. "Mutoto mwenye kimya ndiye mwenye macho."

Akaniambia. Alikuwa ameshika kopo, anatafuta maji, nawe ukamwambia, "Niko nayo." Alidhani unasema maji ya kunywa. Ukamwambia, "Hayo unayotaka kunimwangia, niko nayo tangu mutoto. Mapadri wa ziwani walinitoa kwenye msafara. Jina langu Felisita." Ulimwambia kwamba ulikua ndani ya ukuta wa misioni yao, na ulipopevuka wakakuchagulia mume kutoka upande wa wavulana, na wewe hukumtaka. Asubuhi moja mlitoka wasichana wote kuteka maji. Mtungi wako ukauacha mtoni, ukawafuata wachuuzi wa mchele waliokuwa wanakuja Kabambare. Huko ukamkuta Babu, na ukawa Zaina. Halafu ukamwambia, "Sasa umesikia. Toka. Na watoto wangu wasijue."

"Unione mimi," Mwalimu Antoni alisema kutoka juu. "Kumubatiza mara ya pili ni zambi. Kumuzika mukristo bila musalaba ni zambi. Kusema, amenikataza. Nikachagua uongo mudogo kuliko zote. Lakini jina lake sikuweza kulinyima. Maria angekuwa mwingine."

Nilirudi nyumbani nikiwa na siri yako, nayo ilinikaa vibaya, kama kibuyu kilichofungwa upande mmoja wa mzigo. Ulikataza watoto wako wasijue. Mimi hukunikataza, kwa sababu ulinituma ndimu. Nilikaa na hilo siku tatu nzima.

Padri alikuja Jumamosi kwa baiskeli, kanzu ameikunja kiunoni. Alikaa kwenye baraza la kibanda cha sala. Mwalimu Antoni alisimama kulia, akaizungusha kofia yake mikononi. Mjomba alisimama kushoto na mama kando yake, lakini kati yao pangeweza kupita ng'ombe. Padri akafungua kitabu chake.

"Veronika, wewe ulikuwapo. Ulimuona mwalimu akimumwangia bibi yako maji?"

Nikiitika, mama hana kaka. Nikikana na kunyamaza hapo, Mwalimu Antoni hana kazi, na kosa lake ni kukutunzia neno lako. Nilitazama gurudumu la baiskeli. Nikaliambia gurudumu:

"Hakumwaga, Padri. Bibi alimwambia anayo."

"Anayo nini?"

"Ubatizo. Tangu utoto, kule ziwani. Alikuwa mmoja wa watoto wa ukutani. Alitoroka."

Nilisikia kofia ya Mwalimu Antoni ikianguka. Nisamehe. Nimelivunja neno lako mbele ya watu wanne, mimi ambaye hata jina langu huwa nalitaja mara mbili ndipo nisikike.

Mjomba aligeuka. Kisha akasema, siyo kwa Padri, kwa mama:

"Ule wimbo."

"Wa muchele," mama akasema.

"Miye nilizani ni wimbo wa Kibangubangu."

"Na miye nilizani ni wa yeye na baba, mambo ya bibi na bwana. Nikaona haya kuuliza."

Wakacheka, Bibi. Kwanza Mjomba, puani, kisha mama, kisha mama akalia na Mjomba akamshika bega. Miaka yote kila mmoja alikuwa na shaka yake kidogo juu yako, ameifunika, na hakuna aliyemwonyesha mwenzake.

Padri alifurahi. Furaha yake siipendi, nakuambia wewe tu. Alitoa kalamu akasema ataandika kwa misioni ya ziwani, vitabu vya zamani vipo, jina lako litapatikana, na labda hata jina la yule mume uliyechaguliwa. Aliandika haraka haraka. Akaniuliza mwaka, akaniuliza mtoni mlitoka wasichana wangapi. Nikasema sijui, na ni kweli sijui, lakini hata ningejua ningesema sijui. Kisha akasema mkristo wa zamani kama huyo anastahili msalaba wa saruji. Na akamwambia Mwalimu Antoni aende misioni wiki ijayo, wazungumze. Alikwenda, hajarudi bado. Mkewe anatazama njia, nami ninatazama naye.

Kuhusu saruji, Mjomba alijibu kabla Padri hajafunga kalamu.

"Mama yangu hachimbuliwi, atakaa hapo alipo. Huo muti ukae. Saruji, hapana. Muchwa wakiumaliza, asikuje mutu kukata mwingine. Tuwaachie muchwa, hao hawana dini."

Kisha akaja nyumbani, akanawa mikono, akala bugali la mama na mboga ya sombe, akaomba aongezwe. Nilihesabu mabonge, sitakuficha. Nilitaka kuhakikisha.

Limebaki jambo moja, na wa kulijibu ni wewe tu. Ulisema "Niko nayo" kwa sababu ulitaka kurudi ulikotoka? Au ulitaka tu yule mtu atoke chumbani? Kwa maana mimi ninakujua. Muuza chumvi akipita ulimwambia, "Niko nayo," na chumvi hatukuwa nayo. Muuza kuku, "Niko nayo." Hata kapita alipokuletea maneno ya Bula Matari, serikali ya wazungu, juu ya usafi wa uwanja, ulimjibu hivyo hivyo, na akaondoka amechanganyikiwa. Mwalimu Antoni anaamini ulirudi. Mjomba anaamini ulimfukuza. Mimi ninasimama njiani, kati ya kaburi lako na la Babu, na siwezi kusema.

Masista wameniandikia kwamba nitaanza kufundisha watoto wadogo kwenye kibanda chetu mvua zikikatika. Nitafundisha herufi, na katekisimu, na historia ya mapadri wetu, maswali na majibu. Ninaogopa kusimama mbele ya watoto arobaini. Lakini tukifika pale kwenye milango, nakuahidi, sitasoma kitabu. Nitawaambia mlango ulikuwa mmoja, na ulifungwa jua likingali juu. Wakiniuliza nimejuaje, sitasema watu wanasema. Nitasema Bibi yangu alikuwa ndani.

Ubaki salama, Bibi Zaina. Ubaki salama, Felisita, ambaye sikubahatika kumjua. Na huko uliko, akija mtu yeyote na maji yake, au na jina lake, au na mume wa kukuchagulia, wewe unajua la kumwambia.

Mjukuu wako,
Veronika