Chandarua Juu ya Matumbawe

Jumapili, 7 Septemba
Nimebadilisha maji ya tangi. Ndoo mbili, chumvi nimepima mara mbili. Taa ya zamani imekufa kabisa, nimeing'oa. Chini yake kulikuwa na kipande cha chandarua kilichokunjwa mara kadhaa, kimekakamaa kwa chumvi na vumbi. Nimekitupa jalalani. Mwanahawa, Mungu amrehemu, alikuwa na ugonjwa wa kulimbikiza matambara.

Matumbawe saba. Aliyaleta kwa kibali, wakati akifanya kazi kwenye mradi wa kuyazalisha. Katika vitu vyote alivyoniachia mke wangu, ni haya tu yaliyo hai. Bila taa hayafiki mwisho wa mwezi.

Jumanne, 9 Septemba
Kibwana amekuja. Kaka wa marehemu, mkulima wa Kinole, ana vitalu vya mikarafuu. Hakupiga simu. Begi kubwa, maana yake anakaa.

Kwa Waluguru mali ya mwanamke hurudi kwa ukoo wake. Ukoo umemtuma alitazame tangi mpaka wakae kikao mwezi ujao. Alitazame! Miaka tisa limekaa sebuleni kwangu, leo mimi ni mlinzi wa getini.

Amenizidi miaka kumi na moja. Sikumwamkia. Nilimwambia habari za safari, basi. Tangu nimuoe dada yake sijampa shikamoo hata moja, kwa sababu alisema mbele ya watu kwamba mwalimu kutoka Singida hatajua kumtunza. Akasema nzuri, akaketi mbele ya tangi kama yuko msibani.

Alhamisi, 11 Septemba
Taa tatu za kuchagua. Ya mirija, duka la jirani: dhaifu, hiyo ni ya kusomea gazeti. Ya zambarau wanayouziwa wenye miche ya mboga: nyekundu imezidi, italea mwani tu. Ya LED kutoka Dar, bluu na nyeupe, nguvu yake inaizidi kwa mbali ile ya zamani.

Nimefundisha fizikia miaka ishirini na mbili. Maji ya bahari humeza nyekundu mapema, bluu ndiyo inayozama. Kwa hiyo LED. Kubwa kuliko zote.

Kibwana akauliza kama haitayaunguza. Mtu wa darasa la saba ananiuliza mimi habari za mwanga. Nilimjibu kwamba hiyo taa haina joto la kuunguza kitu. Akarudi mbele ya tangi. Hata kuketi kwake kunanikera.

Jumamosi, 13 Septemba
Taa imeletwa na basi, nimeifuata stendi ya Msamvu asubuhi. Nimeifunga mwenyewe. Nguvu yote, saa kumi na mbili kwa siku, sawa na jua. Sebule nzima bluu. Nimefurahi, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Kibwana alisimama mlangoni akauliza chandarua cha dada kiko wapi. Nimekitupa, nikasema. Alitaka kuendelea. Nikafungulia redio.

Jumanne, 16 Septemba
Yamejifunga yote. Mawili yana ncha nyeupe. Chumvi sawa, joto sawa, maji hayana kosa.

Nimemwambia Kibwana usoni kwamba ametia kitu kwenye maji ili ukoo uone nimeshindwa. Alimaliza ugali wake, akaosha sahani yake, akaenda kuswali. Namchukia mtu huyu.

Jumatano, 17 Septemba
Matano meupe kama chokaa. Moja linachunika nyama.

Nimerudi kutoka shule nikakuta taa imezimwa na kitenge kimefunika tangi. Nilifoka mpaka jirani akachungulia. Nilimwambia Kibwana aondoke nyumbani kwangu. Akasimama. Akasema taratibu:

"Shemeji, mche wa karafuu ukiutoa kivulini ukaupa jua lote siku moja, unaungua. Sisi majani ya mgomba ya kuufunika tunayapunguza kidogo kidogo. Dada aliponunua ile taa ya kwanza alinipigia simu. Kile chandarua nilikuja kumkunjia mimi."

Akachukua begi akaenda.

Na mimi nilikiona tambara. Sikumuuliza mke wangu hata siku moja. Nimekaa chini sakafuni. Kisha nikachukua mkasi, nikakata chandarua cha kitandani kwangu. Vipande vinane, kimoja juu ya kingine. Taa saa nne tu kwa siku.

Jumapili, 28 Septemba
Mbu wamenimaliza.

Kila siku ya tatu natoa kipande kimoja. Vimebaki vitano. Lile lililochunika limekufa, nimelizika chini ya mpapai. Sijui kwa nini nimelizika. Sita yapo. Manne yameanza kurudisha rangi, hudhurungi kwanza, pembeni.

Simpendi Kibwana, bado. Anajua na hasemi mpaka umtukane. Lakini alikuwa sahihi, na mimi nilimsingizia kwenye meza yangu.

Jumatatu, 6 Oktoba
Vipande viwili. Kikao cha ukoo ni Jumamosi. Wakija na gari kulibeba tangi, nitasema nini? Shuleni nimewapigia kelele wanafunzi bure.

Jumamosi, 11 Oktoba
Nimetoa kipande cha mwisho saa mbili asubuhi. Yote sita yamefunguka.

Nilivifua vipande vyote nane, nikavikunja, nikaviweka kwenye kabati lake. Kisha nikangoja gari. Mchana ukapita. Hakuna gari.

Saa kumi nilipiga simu mwenyewe. Nilisema shikamoo, shemeji. Marahaba, akasema. Akaniambia amewaeleza wazee kwamba tangi bado liko kitaluni na halihamishwi, na wao wamekubali. Nikamwomba radhi kwa yale maneno ya mezani. Aliuliza chandarua kimebaki vipande vingapi. Hakuna, nikasema, leo nimemaliza.

Akasema nirudishe kimoja, hata dada hakukitoa chote.

Nimekirudisha.