Sinia la Mama Mkwe Juu ya Land Rover

Baba Saida,

Shikamoo. Haikufikii, najua, lakini ulinizidi umri na ulipenda kusalimiwa kabla ya jambo lolote, kwa hiyo pokea. Nakuandikia nikiwa Tabata, kwa Saida. Jana tumekusomea dua, watu wamekula wakashiba, na mie tangu jana sijui niuweke wapi uso wangu.

Nianze na lile sinia, maana ndilo lililozua yote.

Unakumbuka vyumba vyetu viwili pale Temeke, miaka ile ya foleni za sukari na hotuba za kujitegemea. Wewe ulikuwa fundi wa redio za mawasiliano kwenye idara ya maji. Magari yenu yalikwenda Tegeta na Madale kukagua pampu za maji, na kule wakati huo kulikuwa mashamba na vilima. Gari likikwama, umekwama nalo. Zikaletwa redio za kufungwa garini. Mkuu wenu akasema gari ni mali ya umma, atakayetoboa paa apate pa kupitishia antena atajieleza mbele ya kamati. Nawe na kifua chako ukajibu, "Halitobolewi hata tundu moja. Niachieni mie."

Ukaja nyumbani na sumaku uliyoichomoa kwenye spika mbovu, ukaisifia mpaka ugali ukapoa. Antena ingesimama juu ya sumaku, sumaku ingeng'ang'ania paa, kazi imekwisha. Kumbe bodi la Land Rover ni aluminiamu, na sumaku haina habari na aluminiamu. Fundi mzima, gari umelipanda miaka, hukuwahi kujiuliza! Uliibandika mbele ya wenzako wote, ikateleza kama sabuni. Walikucheka hadi mlinzi akatoka getini kuuliza kuna nini. Ulinihadithia huku umeinamisha kichwa, na nilikuonea huruma, sikufichi.

Asubuhi yake sinia halikuwepo.

Sinia lenyewe lilikuwa la chuma, jeupe, na waridi jekundu katikati. Mama yako alilibeba mwenyewe kutoka Lindi, akanikabidhi siku ya harusi na kuniambia, "Mwanangu, nikija kwako utanipakulia humu." Kwetu hayo si maneno ya kupita. Mkwe akija mara ya kwanza hupakuliwa kwenye chombo alichokupa, akikague kwa macho, akikiona kimetunzwa ajue na mwanawe katunzwa. Ulilijua hilo vizuri kuliko mie. Hata hivyo ukalifunga juu ya paa la gari kwa mipira ya tyubu, sumaku ikalishika, waya ukaupitisha dirishani, na redio ikaita kutoka Madale. Mkuu wako akakusifu mbele ya watu kwa moyo wa kujitegemea. Kujitegemea kwa sinia la mkeo!

"Nivumilie kidogo tu," ukaniambia. "Nachonga kibano cha kukaza kwenye ukingo wa paa, kikikamilika nakurudishia."

Mama yako akatangulia kibano. Mimba ya Saida ilikuwa imeshanielemea, lakini niliingia jikoni nikapika wali wa nazi na kuku wa kuchoma. Nikaazima sinia la jirani yetu, Mama Tatu, la aluminiamu, limebonyea upande. Nikaliweka mkekani. Mama yako hakugusa hata maji ya kunawa.

"Sinia langu liko wapi?"

Nilikutazama. Umekunja miguu, unautazama wali. Mke hamvui nguo mumewe mbele ya mamaye, hilo nilifundwa ndani siku saba, kwa hiyo nikangoja useme mwenyewe. Ulikuwa na nafasi ya kutosha.

"Nimeliazimisha, mama," nikasema.

"Sinia la harusi linaazimishwa?" Akakugeukia. "Mwanangu, nawe unalijua hili?"

Nawe ukajibu, "Mambo ya vyombo ni yao wanawake, mama."

Kibano ulikikamilisha wiki ileile. Ulikwangua rangi chini yake ili chuma kiguse bodi lenyewe, ukakikaza kwa skrubu, na redio ikasikika safi kuliko mwanzo. Paa halikuwa na tundu hata moja. Sinia likarudi waridi limechubuka lote, hata ningetaka kumwonyesha nisingeweza. Nilipokuuliza kwa nini ulinyamaza, ukasema, "Ningemwambia nini? Keshatangaza Lindi nzima kwamba mwanawe mtaalamu."

Basi aibu yako ukanipa mie niibebe, na niliibeba. Kwenye kila harusi ya ukoo wenu shangazi zako wakiniona tu walivuta vyombo vyao karibu, wakacheka. Wifi zangu waliniita Mama Muazimishaji. Mama yako alipofariki nilikuwa miongoni mwa waliomwosha, na nilitamani kumnong'oneza sikioni. Nikaona haya hata mbele ya maiti.

Jana baada ya dua, wajukuu wakataka habari zako. Nikawapa hiyo. Kwenye sumaku walicheka mpaka wakashikana mbavu. Nikafika pale mama yako alipokugeukia, na Saida akaniuliza, "Baba akasemaje?" Unajua alivyofanana nawe.

Nikasema, "Baba yako alisimama. Akasema, 'Mama, nimelichukua mimi. Mke wangu hana kosa.'"

Wajukuu wakapiga makofi. Saida akafuta machozi. "Ndiyo maana mie nampendaga baba," akasema. Nikaenda jikoni nikajifanya natafuta chumvi.

Mtu mzima kama mie, nimewadanganya watoto na Yasini bado haijapoa mdomoni. Na kurudi nyuma siwezi. Ningependa kusema nilifanya hivyo kwa kukustahi, lakini nadhani nilitaka tu kuyasikia yale maneno, japo yatoke kinywani mwangu mwenyewe.

Mama yako yuko hukohuko uliko. Mtafute. Mwambie kama nilivyowaambia Saida na wajukuu, usipunguze neno, ili nami nisiwe mwongo. Na ufanye haraka, Baba Saida. Mie sina mwendo mrefu tena, na nikifika nataka nimkute ameshaambiwa.

Mkeo,
Mama Saida