Haya Ni Yako Peke Yako, Dada

Biarritz, 12 Juni 1974

Dada yangu Clémence,

Salamu nyingi. U hali gani? Goti je? Mimi mzima, tena mzima kuliko nilivyokuwa kijana.

Najua niliondoka bila kuaga. Ningeaga, nisingeondoka. Maisha yangu yote nimepiga magoti mbele ya miguu ya watu nikiwapima viatu. Nilipotimiza hamsini niliinua kichwa nikaona duka, halafu kaburi, basi. Ndipo akaingia Mireille kutafuta kandambili. Ana miaka ishirini na sita, anafundisha kuogelea, na hakuniita "bwana" hata mara moja. Nikamfuata huku pwani. Sasa nimepaka nywele rangi, nimenunua suruali inayobana hata kukaa ni kazi, na kila asubuhi napanda ubao wa kuteleza juu ya mawimbi. Yaani, naanguka kutoka juu yake.

Wewe ndiwe uliyenilea mama alipofariki. Usininunie. Mwangalie mke wangu Solange hapo nyumbani.

Mdogo wako,
Fernand

Chinon, 25 Juni 1974

Mdogo wangu Fernand,

Barua imefika. Goti halijambo. Cheri zimeiva, mkeo amepika jamu, nyumba nzima inanata. Duka analifungua kila siku. Wateja wakiuliza, anasema umekwenda kutibiwa mgongo.

Mzee mzima na nywele za kupaka! Baba angekuwa hai angekuchapa, suruali hiyo ikupasukie mbele za watu. Lakini nakujua: ukifungiwa mlango, unatokea dirishani. Haya, andika. Nikose vyote, nisikose habari zako.

Dada yako,
Clémence

Biarritz, 18 Agosti 1974

Dada mpenzi,

Hujambo? Kaa chini kabla hujacheka. Mireille ana mchumba wake wa zamani, mcheza raga, shingo kama gogo. Alhamisi alifika bila hodi tukiwa chumbani. Nikarukia kibaraza cha ghorofani na taulo tu. Chini yangu kuna mkahawa umejaa wajane wanaokunywa chai. Upepo wa huku unaujua? Ulichukua taulo. Wajane wakasimama wakanipigia makofi, na mmoja akapaza sauti, "Bwana, utapata mafua!"

Nilicheka mpaka machozi. Haya ni yako peke yako, dada, Solange asiyasikie: kwake kitandani nilikuwa kama niliyelala kando ya kabati. Kabati zuri, la mwaloni, lakini kabati. Huku niko hai.

Mdogo wako,
Fernand

Chinon, 3 Oktoba 1974

Fernand,

Salamu. Anayeniandikia leo ni mwalimu Ballu, jirani yetu. Solange yuko dukani.

Tangu Pasaka macho yangu yana mtoto wa jicho. Naona dirisha liko wapi, basi. Hukuuliza. Umeuliza goti. Barua zako zote amenisomea Solange, na ile yangu ya Juni aliiandika yeye. Miaka ishirini na nne umeishi na mwanamke, mwandiko wake usiutambue?

Nilimwambia tumwite mwalimu. Akasema, "Wifi, ni mume wangu, acha nimsikie." Kwenye taulo alicheka, Fernand. Alicheka kweli, nikajua bado anakupenda. Kisha akakwama katikati ya sentensi. Nikauliza, "Vipi?" Akasema, "Mwandiko mbaya hapa." Nikamwambia aruke. Hakuruka. Akasoma lile kabati, neno kwa neno, kwa sauti ya mtu anayesoma bei za sokoni. Halafu akaenda kumenya viazi.

Mimi ndiye niliyekuomba uandike. Siku hizi silali vizuri.

Clémence

Biarritz, 9 Novemba 1974

Dada yangu,

Macho yako yanaendeleaje? Daktari anasemaje? Sijui nianzie wapi. Nimeitazama tena barua ya Juni. Ni mwandiko wake, ile "t" yenye mkono mrefu. Nilikuwa kipofu kukushinda.

Mireille amerudiana na yule wa raga. Hakunifukuza. Alinipikia yai, akaniambia, "Fernand, nenda nyumbani, unanihuzunisha." Niko chumba cha kupanga, mvua haikatiki, na mgongo sasa unauma kweli.

Solange, kama ni wewe unayesoma: nilisema uongo. Ilikuwa rahisi kukuita kabati kuliko kusema kwamba naogopa kuzeeka, na kila nikikutazama nauona umri wangu. Niambie nije. Nitalala hata dukani.

Fernand

Chinon, 16 Februari 1975

Mdogo wangu,

Salamu. Mimi ni hivyo hivyo, upasuaji ni mwezi wa tano. Anaandika mwalimu.

Nilichelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa namngoja Solange. Barua yako, mwalimu alipokwisha kunisomea, nilimpa mkononi. Nikamwambia, "Wifi, safari hii anasema na wewe mwenyewe, kwa jina." Akaigeuzageuza, nikaisikia karatasi. Akasema, "Mrudishie mwalimu," akatoka nje kuanua nguo. Kila Jumapili nilimkumbusha. Kila Jumapili alisema, "Bado, wifi."

Jana ameondoka, kwenda kwa dada yake Nantes. Kazi ameshapata, kwenye duka la mikate. Funguo za duka la viatu kamwachia mwalimu. Alinipikia supu ya siku kadhaa, akanikata kucha, akanibusu.

Njoo, Fernand. Siwezi kumfungia mlango mtoto niliyemlea, na ninahitaji mtu wa kunishika mkono ngazini. Lakini uje ukijua unakuja kwangu tu. Nilimpapasa uso pale mlangoni, nikitafuta machozi, nipate habari njema ya kukuandikia. Mashavu yake yalikuwa makavu.

Dada yako,
Clémence