Baba, Ulianza na Mimi

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Najua kutoka makaburini kijijini kwetu Busi hutaniitikia marahaba, lakini nisipokuamkia kwanza mkono utagoma kuandika. Ndivyo ulivyonilea.

Unakumbuka darasa la nne? Ulikuwa mwalimu wetu wa hesabu, na kila Jumatatu ulituagiza tuje na fimbo zetu wenyewe. Wajinga sisi, tukakata nyembamba tukidhani zitauma kidogo. Weee! Nyembamba ndiyo inayochana. Na kabla hujamgusa mtoto wa mtu, uliniita mimi. "Njoo wewe wa kwangu, wasije wakasema napendelea." Ulinichapa viganja vikaumuka kama maandazi, ndipo ukawageukia wenzangu. Siku niliyokosea jedwali la saba ulinipiga kichwani kwa kifutio cha ubao, cha mbao, damu ikashuka hadi kwenye kola. Jioni ukanikanda kwa maji ya chumvi, ukaniwekea mnofu wako juu ya ugali wangu wa mtama. Mkono uleule. Nilishindwa kujua niupende au niukimbie.

Hesabu nilifaulu, sikatai. Lakini mpaka leo nikiulizwa saba mara nane, viganja vinatoa jasho kabla jibu halijaja. Chuoni walipotufundisha kwamba hofu hufunga akili, nilicheka peke yangu; hilo nilikuwa nimelisomea nyumbani. Mtoto anayesubiri kipigo hasikii swali, Baba. Anaisikia fimbo tu.

Sasa nafundisha darasa la tatu huku Mkonze, pembezoni mwa mji. Nina mwanafunzi anaitwa Yusta, Mgogo, aliyeletwa mjini kutoka kijijini na baba yake, fundi ujenzi kule Mtumba. Nikikaa naye mkekani, wawili tu, ananisomea kwa mnong'ono kitabu chote bila kukwama. Mtu mzima akimsimamia, basi, ulimi unaganda na mkojo unamtoka. Juzi baba yake alipoona matokeo ya mtihani, aliingia darasani na viatu vyake vilivyoganda saruji, mkononi kipande cha mpira wa maji, ule wanaopimia mafundi usawa wa ukuta.

"Mwalimu, mchape nione. Hutaki, namchapa mwenyewe, na kesho anarudi kijijini kuchunga mbuzi."

"Yusta anajua kusoma, baba. Anachoogopa ni wewe."

"Unanifundisha kulea mwanangu?"

Akamtandika mgongoni. Yusta akaanguka katikati ya madawati. Pigo la pili nililikinga kwa mkono, ukafa ganzi mpaka begani. Hapo nikasahau saikolojia yote niliyosoma. Nilimkwida shati, nikampokonya ule mpira, nikamchapa nao shingoni, nikauinua tena. Nilitaka kumuumiza, Baba. Nilitaka atoke damu kwenye kola.

Unajua alifanya nini? Lile jibaba lenye ndevu, lenye mikono ya kubeba zege, lilifumba macho likanyoosha kiganja mbele yangu. "Nisamehe, mwalimu." Hakuna aliyemwambia anyooshe. Watoto wote wanatazama. Nikajiuliza ni mwalimu gani aliyemfundisha hivyo akiwa mdogo, nikaona uso wako.

Ndipo Yusta akasema kutoka sakafuni, kwa sauti ambayo darasa lile halijawahi kuisikia:

"Mwalimu, usimpige. Ni baba yangu."

Nikautupa ule mpira dirishani. Nikakaa chini kando yake, nikalia mbele ya wanafunzi wangu bila aibu. Baba yake naye akachuchumaa mlangoni, akashika shingo.

Kijijini hakumrudisha. Jana alimleta mwenyewe hadi getini, akanisalimia akitazama viatu vyake. Kusoma kwa sauti Yusta bado, ila simsukumi.

Kila nikija Busi, watu uliowafundisha hunionyesha makovu yao. Wengine hucheka, wengine wanakutukana hadi leo. Wote huwa nawajibu neno lilelile alilosema Yusta, ni baba yangu, na nitaendelea kuwajibu hivyo, maana nakupenda. Ila wewe sitakudanganya tena. Iliuma, Baba. Ulikosea, na iliuma, na nilikuwa mtoto.

Mola akulaze pema. Mimi ngoja niwahi, kengele imelia.

Binti yako