Gari la Mzee Ntabaye Halina Mwenyewe

Kibondo, Alhamisi asubuhi

Mke wangu Zubeda,

Salamu zangu zikukute huko Tanga umekaa kibarazani una afya, na mama naye miguu imempungua maumivu. Paa la jikoni bado linavuja? Na binti yetu ameacha kulia akipelekwa shule? Mimi mwili mzima. Huku ni mvua, baridi na maharage kila siku. Sukari hatujaiona mwezi mzima, chai nakunywa kwa asali na nimeshazoea. Kichwa tu ndicho hakiko sawa, wala si homa. Nimechanganyikiwa, mke wangu. Cheka kwanza, halafu unisaidie kufikiri.

Lile gari limekwisha. Najua umechoka hata kulisikia, maana tangu kazi ya barabara iishe, kila barua nakuambia nikimaliza gari narudi. Lakini si gari la mchezo. Boneti yake ni ndefu kuliko kitanda chetu, dashibodi ni mbao tupu iliyong'arishwa, na nyuma kuna vimeza vya kukunjua vya wakubwa kuwekea chai. Lilipofika mikononi mwangu kuku walikuwa wanataga ndani ya buti, rejeta imeziba kwa tope, na sakafu imeliwa na kutu hadi unaona majani chini. Nimekata mapipa nikaunga sakafu, bodi nimeinyoosha kwa nyundo na gogo, raba za breki nimezipata Kasulu kwa mwenzetu mmoja wa Pangani mwenye duka. Ila viti vya ngozi, Zubeda, vilikuwa laini kama vimeshonwa jana! Nikamwuliza Mzee Ntabaye, aliyekuwa nalo, amefanyaje.

"Nilivipaka samli, fundi," akasema. "Kila mwezi, miaka yote. Ngozi ni ngozi."

Watu walipohamishiwa kijiji kipya, mzee huyo alikusanya majirani wakalisukuma gari siku mbili, akalijengea banda la nyasi kabla hajajijengea nyumba.

Sasa sikia. Injini ilipowaka nilikwenda ofisini kuomba kibali cha kuliweka barabarani. Karani akanisogezea fomu: jina la mwenye gari. Nikarudi kwa mzee.

"Mimi siyo mwenyewe," akasema. "Alinigabira mtware wetu."

Mtware ni chifu mdogo wa hapa, zamani kabla vyeo hivyo havijafutwa. Na kugabira ni desturi ya Waha: mtu anakupa ng'ombe umtunze, maziwa unakunywa, lakini ng'ombe ni wake, na wewe unakuwa mtu wake. Mnatembeleana, mnazikana, hamwachani. Mzee Ntabaye alikuwa mchungaji wa mtware. Alitarajia ng'ombe, akapewa gari.

"Basi niandike jina la nani?"

"Jumapili uje."

Jumapili nikakuta uwanja umejaa wazee. Wao na pombe yao ya ndizi, mimi nikaletewa maziwa kwa kuwa dini yangu wanaijua. Mzee akasimama, akasema mengi kwa Kiha, akaniwekea kibuyu mkononi. Nikadhani ni shukrani ya kazi. Nikanywa, nikapiga makofi kama nilivyoona wenzangu wakifanya wanapopewa kitu, wakashangilia. Asiyejua maana haambiwi maana. Kumbe nimegabirwa gari! Kulirudisha ni tusi, ni kumwambia mzee urafiki wako siutaki. Kuliuza siwezi. Kuliacha nikaja zangu Tanga ni kumkimbia. Usiku huo sikujua nicheke au nilie.

Tena wanasema ndama wa kwanza humrudia aliyetoa. Gari halizai, kwa hiyo mzee akaamua kwamba safari ya kwanza ndiyo ndama, na ndama ni wake. Karani akatupa ruhusa ya siku moja ya kulijaribu, na juzi tukaenda Kumsenga kwa mjane wa mtware. Mzee alikaa nyuma na koti lake, hakuegemea kiti hata mara moja.

Yule bibi akalizunguka gari, akashika taa, akatikisa kichwa.

"Hili halikuwa letu," akasema. "Yule Mzungu mnunuzi wa kahawa alilileta siku anaondoka. Akasema nitunzieni, nitarudi. Mume wangu akampa Ntabaye, maana alijua kutunza."

"Akarudi?" nikauliza kijinga.

"Wewe ulimwona?"

Mzee Ntabaye akaitikia taratibu kwa Kiha, "Ego, alisema atarudi. Ndiyo maana nilipaka."

Tukageuza gari kurudi. Nilikumbuka barua yako ya mwisho, ulivyoniambia kila Ijumaa unazitoa spana zangu sandukuni unazipaka mafuta zisishike kutu. Nilicheka nilipoisoma. Nikamsomea hata yule mwenzetu wa Kasulu, naye akacheka. Ndani ya gari lile niliona haya, Zubeda, haya ya kweli.

Jana nimekwenda kwa mzee na kibuyu changu cha maziwa. Nikamwambia gari nimelipenda, lakini Tanga sina banda wala samli, kwa hiyo mimi nami namgabira yeye, anitunzie. Akanitazama sana, kisha akacheka mpaka akakohoa. Akanywa, akapiga makofi. Sasa yeye ni mtu wangu na mimi ni mtu wake, na ukiniuliza gari ni la nani, sijui. Fomu ya karani ninayo mfukoni, bado haina jina.

Barua hii anakuletea yule mwenye duka wa Kasulu, anapanda treni Kigoma Jumamosi. Mimi nafuata treni ya wiki inayofuata, na tiketi ameninunulia yeye, ili nisije nikapata gari jingine. Nisalimie mama, kaka yangu mkubwa wa gereji, na shangazi aliyekuwa akikuambia nimeoa huku. Mwambie huku nimepata gari tu, nalo si langu.

Usinijibu, barua haitanikuta. Na ukishaisoma hii, spana usizipake tena. Niachie, nakuja kuzipaka mwenyewe.

Mumeo,
Athumani